Simu ya Sh10,000: Je, ni rahisi au ni ghali?

Kama umewahi kupita Luthuli Avenue, Nairobi, siku ya Jumamosi, bila shaka unajua jinsi mtu anavyoshikwa mkono kabla hajaulizwa anataka nini. "Dada, karibu simu! Kamera kali! Ingia uone, kuangalia si kununua!" Jumamosi mbili zilizopita nilishikwa mkono mara tatu kabla sijafika River Road, na mara ya nne nikaingia, si kwa kushawishiwa bali kwa kuchoka.

Mkobani nilikuwa na Sh10,000 kamili, nazo hazikuwa zangu peke yangu. Sh4,000 zilitoka kwa kaka yangu aliye Mombasa, Sh3,000 kwa mdogo wetu wa kike aliye chuoni (jinsi alivyozipata nitaeleza), na zilizobaki zilikuwa zangu. Tulikuwa tumeamua kumnunulia mama simu ya kisasa. Mama yuko nyumbani Mwatate. Ana umri wa miaka 64, anauza nyanya na vitunguu sokoni, na kwa miaka mingi ametumia kile kisimu tunachokiita mulika mwizi, ambacho betri yake hudumu karibu juma zima, na kikianguka sakafuni unaihurumia simiti.

Swali nililokuwa nalo siku ile ndilo ninalotaka tulipime pamoja leo, kwa sababu najua wengi wenu mnalo. Simu ya kisasa ya elfu kumi ni simu kweli, au ni njia ndefu ya kutupa elfu kumi?

Sikwenda Luthuli nikiwa mbichi. Nilikuwa nimekwisha kufunzwa na simu nyingine ya bei kama hiyo, na ada ya mafunzo hayo haikuwa ndogo. Basi niruhusu nianzie huko.

Mwaka jana mwezi wa Septemba mdogo wangu alijiunga na chuo kimoja hapa jijini. Juma la kwanza tu akagundua kwamba mwanafunzi asiye na simu ya kisasa ni kama mwanafunzi asiye na kiti. Maandishi ya mihadhara yanatumwa kwenye kundi la WhatsApp. Ratiba ikibadilishwa saa moja usiku, inabadilishwa humo humo. Ombi la mkopo wa HELB linafanywa kwenye mtandao. Akanijia. Mwezi huo nilikuwa nimelipa kodi ya nyumba na karo ya mtoto, na mfukoni sikuwa na elfu mbili za kuchezea. Nikamwambia angoje Oktoba.

Hakungoja. Alikwenda kwenye kibanda cha kampuni moja inayouza simu kwa mkopo, akaweka Sh2,000 za kwanza, akatia sahihi kwa kidole kwenye kioo, akatoka na simu ndani ya kasha lake. Masharti yalikuwa Sh50 kila siku kwa siku 365. Ukitoa hela taslimu, simu ile ile dirishani ilikuwa Sh10,500.

Hebu tupige hesabu, maana mdogo wangu hakuipiga siku ile. Hamsini mara 365 ni Sh18,250. Ongeza zile elfu mbili, unapata Sh20,250. Yaani kwa bei hiyo angekaribia kununua simu mbili, moja akampa mama, akabakiwa na kiasi kidogo tu cha kuongezea ya pili. Tofauti yenyewe ni Sh9,750.

Hata hivyo sitamcheka, wala wewe usimcheke. Utaratibu huu una maana yake. Mwaka 2020 Safaricom ilipoanza mpango wake wa Lipa Mdogo Mdogo kwa ushirikiano na Google, bei iliyotangazwa ilikuwa Sh20 kwa siku, na watu wengi ambao hawajawahi kushika Sh6,000 kwa pamoja walipata simu ya 4G. (Kampuni iliyotukopesha sisi ni nyingine, na jina lake nitalihifadhi.) Sh50 ni chai na mandazi mawili. Anayeishi kwa kibarua cha siku anaelewa Sh50 za leo kuliko Sh10,500 za siku isiyojulikana. Ubaya si kukopa. Ubaya ni kwamba simu ya mkopo ina kufuli ndani yake, na ufunguo haukai kwako.

Novemba mama alilazwa hospitalini siku tano kwa ajili ya presha. Jirani yake alinipigia simu Jumanne asubuhi. Nikampigia kaka, akapatikana. Nikampigia mdogo wangu, hapatikani. Nikaandika kwenye kundi letu la familia: mama amelazwa, msishtuke, anaendelea vyema. Alama moja ya kijivu. Jioni bado ni moja. Jumatano ni hiyo hiyo moja.

Kule wodini mama alikuwa na swali moja tu kila nilipompigia. "Huyo mtoto nimemkosea nini?" Nikamdanganya, nikasema simu yake imeharibika. Mama akafikiri kidogo, akaniambia, "Basi si mumpelekee hii yangu?" Mtu yuko kitandani na sindano mkononi, anataka kutoa mulika mwizi yake ipelekwe Nairobi.

Alhamisi nilipanda matatu nikaenda hadi chumba alichopanga mdogo wangu. Nikamkuta anafua. Hakujua lolote. Juma lile pesa zake za matumizi zilikuwa zimeishia kwenye nauli na vitabu, akapitisha siku nne bila kulipa, na simu ikajifunga. Kwenye kioo hakukuwa na kitu ila tangazo la kumtaka alipe. Deni lenyewe lilikuwa Sh200.

Mia mbili, msomaji. Nilimuuliza kwa hasira kwa nini hakuniomba. Akanijibu taratibu, "Dada, ningekuomba kwa simu gani?" Nikamwambia angeazima kwa rafiki. Akasema, "Namba zenu zote zilikuwa humo ndani. Hakuna hata moja niliyoijua kichwani."

Nikakaa kimya, kwa sababu nilipojipima mwenyewe niliona kwamba na mimi najua namba moja tu ya mtu, yangu.

Tulilipa zile mia mbili hapo hapo kupitia simu yangu. Kioo kikafunguka, na ujumbe wa siku nne ukaanza kumiminika. Sitaeleza uso wa mdogo wangu alipokuwa akiusoma.

Sasa, ungetarajia baada ya hayo mdogo wangu aichukie simu ile. La hasha! Nilipoanza kuisema vibaya mwezi wa Januari, alinikatiza. Alinionyesha kazi ya muhula yenye kurasa 22 aliyoichapa yote kwa vidole gumba viwili, akiwa kitandani, stima zikiwa zimepotea mtaa mzima. Alinionyesha mihadhara aliyorekodi. Kisha akanionyesha kitu ambacho sikukijua: picha za misuko. Kumbe mwisho wa juma huwasuka wanafunzi wenzake, anapiga picha kichwa kilichokwisha kusukwa, anaiweka kwenye hali yake ya WhatsApp, na Jumatatu anapata wateja wapya wawili au watatu. Zile Sh3,000 alizochangia simu ya mama zilitoka vichwani mwa watu kwa njia hiyo.

Kwa hiyo nilipoingia dukani Luthuli nilikuwa na mizani yenye pande mbili kweli, sio upande mmoja wa malalamiko.

Kijana wa duka alianza na kamera, kama wanavyoanza wote. Akaigeuza simu, akanionyesha macho matatu mgongoni, akataja megapikseli kama mnadi. Ningependa ujue hivi: katika simu za bei hii, jicho linalofanya kazi aghalabu ni moja. Mengine mara nyingi yana uwezo mdogo mno, yamewekwa ili simu ifanane na ndugu zake wa bei kubwa. Na hesabu ya megapikseli peke yake haikuambii mengi, maana picha ni mwanga, na kamera ndogo ya bei ndogo hupata shida pale mwanga unapopungua. Usiijaribu mlangoni penye jua. Nenda nayo kona yenye giza ya duka, piga picha ya risiti, kisha ikuze uone kama tarakimu zinasomeka. Ya kwanza niliyopewa ilinipa risiti iliyofanana na uji. Ya pili ilisomeka. Kwa mama hilo linatosha. Hapigi picha za harusi.

Jambo ambalo hakulitaja mpaka nilipouliza ndilo linaloziua simu hizi. Ni nafasi.

Simu ina kumbukumbu za aina mbili, na wauzaji huzichanganya, wengine kwa kutojua, wengine kwa kujua sana. Ifikirie jikoni. Kuna meza unayokatia vitunguu, na kuna kabati unalowekea vyombo. Meza ndiyo ile inayoandikwa RAM. Ikiwa ndogo, kila unapotaka kukata nyanya lazima kwanza uondoe vitunguu. Ndiyo maana simu ndogo ikiwa imefungua WhatsApp, na wewe ukataka kutazama ramani, ukirudi kwenye WhatsApp unaona inaanza upya. Kabati ndilo nafasi ya kuhifadhia picha, nyimbo na programu zenyewe.

Simu ya mdogo wangu ina meza ya GB 2 na kabati la GB 32. Kwenye kasha imeandikwa 32, lakini mfumo wa simu wenyewe na programu zilizokuja nayo zilikuwa zimekwisha kukaa kwenye sehemu kubwa. Siku ya kwanza zilikuwa zimebaki 19. Mtie mtu huyo katika makundi matano, la darasa, la kanisa, la ukoo, la wasusi na lile la vichekesho, kila moja likitupa video kumi kwa siku, na kabla ya miezi minne kwisha simu inaanza kukataa hata kupiga picha. Simu iliyojaa pia huwa nzito. Watu huipeleka kwa fundi wakidhani imeugua, kumbe imevimbiwa.

Dawa ya nyumbani ipo. Katika mipangilio ya WhatsApp, zima ile kazi ya kupakua picha na video zenyewe bila kuulizwa. Kila mwisho wa mwezi pitia yaliyojaa, ufute. Simu nyingi za bei nafuu zina kitu ambacho simu nyingi za bei ghali zimekiondoa: tundu la kadi ya kumbukumbu. Weka picha zako huko. Lakini fahamu kwamba programu nyingi hazikubali kuhamia kwenye kadi, kwa hiyo kadi haigeuzi GB 32 kuwa 64.

Halafu kuna mchezo mmoja wa vibandiko. Simu niliyopewa ilikuwa na kibandiko kinachosema RAM 6GB. Bei Sh9,200! Nikaanza kufurahi, kisha nikasoma maandishi madogo chini: 3 + 3. Maana yake ni kwamba meza halisi ni GB 3, na tatu nyingine zinakopwa kutoka kwenye kabati pale meza inapojaa. Kukopa huko kunasaidia kidogo, lakini kabati ni pole kuliko meza, na nafasi inayokopwa ni ile ile uliyodhani utawekea picha. Nilipomuuliza kijana alicheka, akasema, "Dada, wewe umesoma." Hapana, nimepoteza.

Nyingi kati ya simu hizi hutumia Android iliyopunguzwa uzito, inayoitwa Android Go, ambayo Google iliitangaza mwaka 2017 kwa ajili ya simu zenye kumbukumbu ndogo. Wakati ule hata simu ya GB 1 ilikubaliwa. Kuanzia toleo la 13, lililotoka mwaka 2022, kiwango cha chini kikapandishwa hadi GB 2 za meza na 16 za kabati. Tafadhali kumbuka kwamba hicho ni kiwango cha kuwaka, si kiwango cha raha. Kama ungeniuliza leo, ningekuambia mwanafunzi asishuke chini ya GB 3 na 64, hata ikibidi angoje mwezi mmoja zaidi.

Na wenye umri kama wangu wakumbuke tulikotoka. Mwaka 2011 Safaricom ilipoleta IDEOS, simu ndogo iliyotengenezwa na Huawei, ilikuwa ya takriban Sh8,000 na ikawa gumzo la mji mzima. Kioo chake kilikuwa inchi 2.8, betri mAh 1,200, kamera megapikseli 3.2. Mimi mwenyewe niliitamani mpaka nikaota. Oktoba 2023 kiwanda cha kuunganisha simu kilipofunguliwa Athi River, simu zake mbili za kwanza, Neon Smarta na Neon Ultra, zilitangazwa kwa Sh7,499 na Sh8,999. Shilingi za 2011 zilikuwa na nguvu kuliko za sasa, lakini hesabu ya vitu unavyopata imepanda. Ile iliyokuwa mkononi mwangu dukani ilikuwa na kioo cha inchi sita na nusu na betri ya mAh 5,000.

Betri ndiyo fahari ya simu hizi, na hapo sina ugomvi. Mdogo wangu huchaji jioni moja, akachaji tena kesho kutwa. Sababu ni kwamba kioo chake hakina vidoto vingi kama cha simu ghali, na kazi yake si nzito, kwa hiyo hakinywi moto mwingi. Ila kujaza betri hiyo ni kama kujaza pipa kwa kikombe. Chaja inayokuja nayo ni ya wati 10, na inachukua karibu saa tatu. Kwa mtu anayechaji usiku haidhuru. Kwa mtu ambaye stima yake hurudi kwa saa moja kisha hupotea, afikirie mara mbili.

Nikamwomba kijana tutoke nje. Akaniangalia kama mwizi. Nikamwachia mkoba, nikaiinua simu juani. Sababu ni mama: yeye hushinda sokoni, na kioo kinachong'aa dukani huweza kuwa cheusi tii saa sita mchana. Ilisomeka kwa shida, nikaongeza mwangaza hadi mwisho, ikasomeka. Kisha nikakuza herufi mpaka neno moja likajaza nusu ya kioo. Hapo ndipo nilipoipenda. Macho ya mama hayajaona maandishi ya mulika mwizi yake kwa muda mrefu. Ujumbe wote husomewa na mtoto wa jirani, hata ule wa pesa.

Bado kuna jambo ambalo wanunuzi wengi hawaulizi kwa sababu halionekani: simu itaishi miaka mingapi? Sisemi kuvunjika. Nasema kupitwa. Tarehe 1 Januari 2025 WhatsApp iliacha kufanya kazi kwenye simu za Android 4.4 na za chini yake. Simu hizo hazikuwa zimeharibika. Ziliwaka, zikapiga simu, zikapiga picha. Lakini mwenye nazo aliamka mwaka mpya akakuta amefungiwa nje ya makundi yake yote. Simu ya bei nafuu huja mara nyingi na toleo la zamani kidogo la Android, na watengenezaji wengi hawaahidi kulipandisha. Kwa hiyo ukiambiwa kuna simu "mpya kabisa" kwa bei ya kushangaza, fungua mipangilio, usome toleo. Kama tayari liko nyuma hatua nne au tano, unanunua mkate wa juzi.

Na zile simu za majina makubwa zilizotumiwa Ulaya, zikasafishwa na kuuzwa hapa kwa elfu kumi hiyo hiyo? Kamera zake ni nzuri, sikatai. Lakini betri imekwisha kula chumvi nyingi, na kioo kikivunjika bei ya kipya inaweza kukutoa machozi. Simu ya bei nafuu iliyozoeleka ina faida ambayo haiandikwi kwenye kasha: kila mji mdogo una fundi aliyekwisha kuifungua. Pale Mwatate hakuna wa kuifungua ile nyingine.

Nilibofya *#06# kuona namba ya utambulisho, nikailinganisha na iliyo kwenye kasha, nikataka iandikwe kwenye risiti pamoja na waranti ya mwaka mmoja. Kijana aliandika kwa mwandiko wa kulalamika. Nikalipa Sh9,200. Kava na kioo cha kukinga vikachukua Sh400. Sh400 zilizobaki zikawa bando la kwanza la mama.

Nilimpelekea mwenyewe. Kabla sijamkabidhi nilifanya jambo moja ambalo kaka yangu hakulipenda. Laini ya mama yenye M-Pesa sikuihamisha. Niliiacha pale pale kwenye mulika mwizi, nikanunua laini mpya kwa ajili ya simu mpya. Kaka alisema ni ushamba. Huenda. Lakini M-Pesa tangu ilipoanza mwaka 2007 haikuhitaji simu ya kioo kikubwa, na mama ambaye hajui bado kutofautisha ujumbe wa kweli na wa wale matapeli wa "umeshinda, bofya hapa" hana haja ya kubeba nyanya na benki katika mfuko mmoja. Simu mpya ikiibwa sokoni tutalia kwa ajili ya simu tu. Tena mulika mwizi haina kufuli, haina deni, na haijawahi kujaa.

Sasa ni juma la pili. Kinachompendeza mama zaidi si kile nilichotarajia. Ni redio. Anachomeka waya wa masikioni, ambao ndio antena, anasikiliza taarifa ya saa moja bila kutumia hata senti ya bando. Amejifunza kutuma ujumbe wa sauti, na huutuma saa kumi na moja alfajiri, wakati anapopanga nyanya. Ametutumia picha saba, sita za kidole chake. Simu yenyewe huizungushia leso na kuiweka kabatini juu ya sufuria, huku mulika mwizi ikiendelea kukaa kifuani kama kawaida.

Jumapili iliyopita tulimpigia kwa picha, sisi watatu kwa pamoja, kaka Mombasa, mdogo wangu chumbani kwake na mimi hapa. Mama aliipokea, akaiweka sikioni kama alivyozoea, na hakuna aliyeweza kumshawishi aiondoe. Tuliongea na sikio la mama kwa dakika kumi.

Katikati ya mazungumzo mdogo wangu akakohoa, akamweleza habari ya Novemba, yote, kufuli na zile siku nne. Mimi sikumtuma. Sikio likanyamaza.

"Mia mbili?" mama akauliza.

"Ndiyo, mama."

"Haya. Nitajie namba yangu. Usiangalie popote."

Mdogo wangu akafumba macho, akaitaja, tarakimu zote kumi.